Kitabu cha Kusomwa na Wawili

Tafakari ya juma. Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40

Medali ya Caldecott ilipotolewa kwa mara ya kwanza nchini Marekani, mwaka 1938, aliyeipata alikuwa mchoraji wa wanyama wa Biblia. Jina lake Dorothy Lathrop. Katika kitabu chao, mwenzake Helen Dean Fish alichagua mistari kutoka Biblia ya Kiingereza ya King James, na Lathrop akachora kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Punda wa Balaamu yumo, na kunguru waliomlisha Eliya wamo. Katika vitabu vya picha vyote vya mwaka uliotangulia, wakutubi wa watoto walikiona hicho ndicho cha kuheshimiwa kwanza. Mimi ni mchungaji, na hufurahi sana kila nikikumbuka kwamba tuzo hii, inayojulikana leo kuliko karibu tuzo nyingine zote za vitabu vya watoto wadogo, ilianzia kwenye ukurasa wa Maandiko uliofunguliwa mbele ya mtoto asiyejua kusoma bado na mtu mzima anayemsomea.

Aliyeipendekeza ni Frederic Melcher, mtu wa biashara ya vitabu. Mwaka 1921 alikuwa ameshatoa wazo la medali ya Newbery, ya mwandishi bora wa kitabu cha watoto. Baada ya miaka kadhaa akaona kuwa wachoraji wameachwa nje. Kitabu kinasifiwa, mwandishi anashangiliwa, na yule ambaye mtoto amekodolea macho kazi yake jioni nzima hatajwi. Ndipo mwaka 1937 akaomba iwepo medali yao. Mpaka leo hutolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani kupitia idara yake ya huduma kwa watoto, na humwendea mchoraji. Kitabu kilichoshinda hubandikwa nembo ya dhahabu kwenye jalada, na vile vilivyokaribia kushinda hupewa nembo ya fedha. Mzazi akiingia maktaba, hutafuta nembo ile. Hivyo kitabu kilichoshinda kabla mzazi mwenyewe hajazaliwa bado kinachapishwa na kusomwa.

Randolph Caldecott, ambaye medali inaitwa kwa jina lake, alikuwa Mwingereza. Alizaliwa Chester mwaka 1846, akafanya kazi ya ukarani wa benki huku akichora, kisha akaiacha benki na kwenda London. Kuanzia mwaka 1878 alishirikiana na mpiga chapa Edmund Evans kutoa vitabu vya picha vya watoto, viwili viwili kila Krismasi. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu ujana. Alifia Florida mwaka 1886 kabla ya kutimiza miaka 40, na hakuacha mtoto. Nalitaja hili kwa makusudi, maana tunao katika sharika zetu watu wasio na watoto wa kuzaa, wanaodhani kwamba habari za kulea haziwahusu. Mtu huyu hakuwa na mtoto hata mmoja, na watoto wa vizazi vingi wamelala usingizi wakiwa na picha zake machoni.

Alichofanya Caldecott, na ambacho Maurice Sendak, mshindi wa medali hiyo mwaka 1964, alikieleza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, ni kuyagawia maneno na picha kazi tofauti. Maneno yanaponyamaza, picha inaendelea kusimulia. Picha inapoacha, maneno yanachukua. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachorudia kilichosemwa na mwenzake. Kitabu cha namna hiyo hakiwezi kusomwa kikamilifu na mtu mmoja aliyeshikwa na mistari ya maandishi, na hakiwezi kusomwa kikamilifu na mtoto ambaye herufi bado zinamchanganya. Mtu mzima ana sauti, mtoto ana macho. Mtu mzima akiwa anasoma sentensi ya juu, kidole cha mtoto kiko chini pembeni, kwa paka aliyejificha nyuma ya mlango. Ukimwambia, "Subiri, nimalize kwanza," umempotezea nusu ya kitabu, na wewe umejinyima nusu hiyohiyo.

Somo la juma hili linatupeleka barabarani, njia ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, amekwenda kuabudu na sasa anarudi kwao. Ana gari, ana cheo, ana gombo la nabii Isaya, ambalo wakati ule halikuwa kitu cha kumilikiwa na kila mtu. Na anasoma kwa sauti, kwa maana Luka anatuambia kuwa Filipo alimsikia. Kwa hiyo kusoma anajua. Kitabu anacho, muda anao, nia anayo. Anachokosa ni mtu.

Tazameni anachofanya Filipo. Kwanza anakimbia mpaka anafika ubavuni mwa gari. Kisha anamuuliza kama anaelewa anachokisoma, na towashi anajibu kwa unyofu unaonigusa kila mara: atawezaje, asipokuwapo wa kumwongoza? Halafu yeye mwenyewe, mwenye gari, anamwomba Filipo apande, waketi pamoja. Filipo hakusimama barabarani na kumhubiria kutoka chini. Wala hakumwambia afungue kwanza ukurasa mwingine ulio rahisi zaidi. Alipanda, akaketi, macho yake yakaangukia mstari uleule uliokuwa mbele ya macho ya mwenzake, habari ya kondoo aliyepelekwa kuchinjwa, na akaanzia hapohapo. Towashi ndiye aliyekuwa ameuchagua ukurasa. Towashi ndiye aliyeuliza nabii anamsema nani. Na walipofika penye maji, towashi tena ndiye aliyeyaona wa kwanza, akauliza ni kitu gani kinachomzuia asibatizwe. Aliyekuwa anafundishwa ndiye aliyeona.

Nimewatembelea waumini wengi majumbani. Neno "kasome" hulisikia karibu kila nyumba: "Nenda kasome." "Umeshasoma?" "Acha kucheza, kasome." Ni amri inayomwondoa mtoto kwa mtu mzima. Kitabu kimekuwa mahali pa kumpelekea mtoto ili sisi tubaki na shughuli zetu, na kwa watoto wengi kimekuwa ni jambo la mtihani tu, kitu chenye maswali mwisho wa sura na alama nyekundu. Siwalaumu wazazi. Mama anayerudi kutoka sokoni saa 2 usiku, miguu imevimba, chakula hakijapikwa, ana sababu. Ila Musa alipowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Bwana, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, hakuwatajia darasa. Alitaja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Zote ni nyakati ambazo mkubwa na mdogo wako mahali pamoja.

Mwaka 1978 medali ya Caldecott ilikwenda kwa Peter Spier, mzaliwa wa Amsterdam aliyehamia Marekani, kwa kitabu chake cha Safina ya Nuhu. Mwanzoni kuna shairi la kale la Kiholanzi, alilolitafsiri mwenyewe. Baada ya hapo ni picha karibu peke yake. Nakipenda kitabu hiki kwa sababu kinamheshimu mtoto. Safina yake ina kazi: kuna kulisha, kuna kubeba, kuna kinyesi cha kuondoa, kuna Nuhu aliyechoka. Halafu kuna ukurasa ambao mtu mzima hutamani kuufunua haraka. Mlango wa safina umeshafungwa, mvua inanyesha, na nje wamesimama wanyama ambao hawakuingia. Maji yanapanda.

Mtoto ataona. Mtoto huona daima. Atakuuliza, "Na hawa?"

Hapo ndipo thamani ya kusoma pamoja inapojulikana. Mtoto aliye peke yake na picha ile atabaki na swali lake, na mtoto anayesomewa na mtu mwenye haraka atafunuliwa ukurasa unaofuata. Ndugu zangu, msifunue. Torati yenyewe ilitazamia swali la mtoto. Katika Kutoka 12, sherehe ya Pasaka imepangwa ikijua kwamba watoto watauliza maana ya ibada ile, na katika Kumbukumbu la Torati 6 tunaambiwa la kufanya mwana atakapouliza. Mungu hakuliona swali la mtoto kuwa utovu wa adabu, na hakuna sababu sisi tulione hivyo. Kwa swali la wanyama wale sina jibu la haraka, nami ni mtu niliyesomea theolojia. Ninachoweza kumwambia mtoto ni kile ambacho Mwanzo 6 inakisema kabla ya gharika: kwamba Mungu alihuzunika moyoni. Na kile kinachosemwa mwanzoni mwa sura ya 8: kwamba alimkumbuka Nuhu, na wanyama waliokuwa pamoja naye wakatajwa palepale. Tukifika hapo, mtoto na mimi tunaendelea kuitazama picha. Naamini imani nyingi za watu wazima zilivunjika kwa sababu swali la kwanza kama hilo lilikutana na mtu aliyefunua ukurasa.

Kipo kitabu kingine ambacho kwetu sisi kina undugu wa pekee. Mwaka 2010 Jerry Pinkney alipata medali hiyo kwa hadithi ya Simba na Panya, ile ya Esopo ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni. Pinkney, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 2021, aliihamishia Serengeti. Nyasi ni za Serengeti, wanyama ni wa Serengeti. Jalada la mbele halina hata neno moja, ni uso wa simba tu umelijaza lote, macho ameyageuzia pembeni. Ndani nako hamna masimulizi ya maandishi. Yapo maneno machache yanayoigiza sauti: bundi, panya, mngurumo wa simba. Basi. Hadithi nzima inabebwa na rangi.

Nakala moja ililetwa usharikani kwetu na ndugu aliyekuwa masomoni Marekani. Tuliiweka mezani pamoja na vitabu vingine vya shule ya Jumapili. Siku moja baada ya ibada nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye benchi la ukumbini na mjukuu wake wa kiume, miaka mitano hivi, kitabu kimefunguka juu ya kitenge chake. Bibi huyu hakupata kwenda shule. Katika neno la Mungu yeye ni msikilizaji, na tukitoa vitabu vya nyimbo hupokea chake kwa heshima na kukiweka mapajani kimefungwa. Safari hii alikuwa anasoma. Walikuwa wamefika mahali ambapo panya ameshakata wavu na simba ameondoka, na panya anarudi shimoni kwake.

"Bibi, tazama, kabeba kamba!"

Bibi akainama. Kweli, panya alikuwa na kipande cha wavu mdomoni, chenye fundo.

"Ee! Anakipeleka wapi, mume wangu?"

"Kwa watoto wake. Aende awaambie."

"Basi na awaambie. Wasipoiona hiyo kamba watasema mama yao muongo."

Nilisimama mlangoni nisiwakatize. Nimeshahubiri mara nyingi kuhusu ushuhuda, na sijawahi kuusema vizuri kama bibi yule alivyousema kwa mjukuu wake, akiwa na kitabu ambacho hakikumdai herufi asizokuwa nazo. Wako wengi kama yeye, akina bibi na babu, akina baba pia, wanaokaa mbali na vitabu vya watoto wao kwa aibu. Mtoto akileta daftari, wanasema macho yanauma. Kitabu cha picha kisicho na maneno kinawarudishia nafasi yao. Paulo anapomwandikia Timotheo anaitaja imani iliyokaa kwanza katika Loisi bibi yake, na katika Eunike mama yake, na anasema Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto. Hatuambiwi kama Loisi alijua kusoma. Tunaambiwa imani ilikaa kwake kwanza.

Lugha yetu nayo imewahi kuheshimiwa na tuzo hii. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyefundisha Uganda katika miaka ya 1960, aliandika kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi, na mumewe wa wakati huo Tom Feelings akakichora. Moja ni Mlima Kilimanjaro. Kilipata Heshima ya Caldecott, ile ya nembo ya fedha, mwaka 1972. Mwaka 1975 kitabu chao cha alfabeti ya Kiswahili, herufi 24, nacho kikaipata heshima hiyohiyo. Ilikuwa miaka ambayo familia nyingi za watu weusi kule Marekani zilitaka watoto wao waijue Afrika kwa heshima, na wazazi ambao wenyewe hawakujua Kiswahili waliketi na watoto wao kujifunza kuhesabu pamoja, mkubwa na mdogo wakianzia mahali pamoja. Mtoto wa Philadelphia alihesabu moja, mbili, tatu mapajani mwa mama yake. Ningependa mtoto wa Mbeya, wa Kisumu na wa Bukavu awe na mapaja hayohayo.

Watu huniambia vitabu hakuna, au vipo lakini ni ghali. La bei nalikubali: kitabu cha picha chenye rangi nzuri hugharimu fedha ambayo familia nyingi huihesabia unga. La kutokuwapo silikubali. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwapo tangu mwaka 1991, ukisaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto wetu, vilivyoandikwa na kuchorwa na watu wa hapa. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, unatoa hadithi fupi zenye picha bure, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za makabila yetu, za kusomwa hata kwenye simu au kuchapishwa kwenye karatasi. Na kitabu cha picha hakiishi kwa kusomwa mara moja. Mtoto akikipenda atakitaka kesho, na kesho kutwa, mpaka akisimulie mwenyewe kwa moyo. Usharika ukinunua vitabu vichache vikazunguka nyumba kwa nyumba, watoto wengi watakula kutoka sahani moja.

Nina maneno mawili ya kichungaji kwa wale watakaoanza juma hili. Ketini upande mmoja, bega kwa bega, na mtoto ndiye afunue kurasa. Mkikaa mkitazamana, mmoja atakiona kitabu kichwa chini, na mwalimu na mwanafunzi watakuwa wamerudi. La pili ni gumu zaidi kwa sisi tuliozoea mimbari: msikigeuze kila kitabu kuwa mahubiri. Nimewasikia walimu wa shule ya Jumapili wakifika ukurasa wa mwisho na kuuliza papo hapo, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto aliyekuwa Serengeti dakika moja iliyopita anajikuta darasani, ananyoosha mkono, anatoa jibu analojua linatakiwa. Mwacheni kwanza. Akitaka kurudi kwa panya, rudini. Akikaa kimya, kaeni naye. Neno litakalomfaa atalitoa baadaye, pengine akiwa anaoga, na mtakuwa mmeliandalia nafasi.

Wanaume wa usharika, nanyi nawasihi kwa jina. Kwenye shule ya Jumapili nawaona akina mama, akina bibi, dada wa kwaya. Mtoto wa kiume anayewaona wanawake tu na kitabu atajifunza, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba akikua ataacha. Filipo alikuwa mwanamume, na baadaye katika Matendo 21 tunasoma alikuwa na binti wanne waliotabiri. Hatujui nyumbani kwake walisoma vipi. Ninachoamini ni kwamba mabinti wanne hawakuipata sauti yao katika nyumba ambayo baba hakukaa nao.

Wazee wa kanisa wamekubali kuwa kuanzia Jumapili ijayo ukumbi mdogo ubaki wazi saa moja baada ya ibada ya pili. Vitabu vitakuwa juu ya meza, mabenchi yatapangwa ubavu kwa ubavu, na mwinjilisti atakuwa na daftari la kuazima kwa watakaotaka kwenda navyo nyumbani. Njoo na mtoto wako. Kama huna mtoto, njoo hivyohivyo, maana wako watoto wanaokuja kanisani peke yao, na mwaka huu wamekuwa wengi. Asiyejua kusoma anakaribishwa kwanza.